Kuuza pikipiki iliyotumika Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye pikipiki yake moja anayetaka kuiuza kwa bei ya haki na kulala usingizi baada ya kuiuza. Wenye yadi wana utaratibu wao. Maswali ni yale yanayorudi kila wiki kutoka mjini Dodoma na wilaya za jirani: Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, hadi Manyoni.

Nianzie wapi kupanga bei?

Anzia dukani. Ulizia bei ya leo ya pikipiki mpya ya aina hiyohiyo, iwe Boxer, TVS au SanLG, ikiwa na usajili. Bei uliyonunulia wewe zamani haimhusu mnunuzi, na deni la ada ya watoto linalokufanya uuze halimhusu pia. Yeye ana hesabu moja kichwani: nikiongeza kiasi gani napata mpya? Pengo likiwa dogo, atakopa kwa shemeji yake aongezee aende dukani.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usije ukaufanya orodha ya bei. Mpya ni 3,000,000. Yako ina miaka miwili na imepiga bodaboda muda wote. Ukitaja 2,600,000 watu watakuitikia vizuri kwenye simu na hawatafika. Ukitaja 1,900,000 simu itaita. Kutoka hapo anza kupunguza vitu vinavyoonekana: tairi ya nyuma imekwisha, cheni na spoketi zinadai seti mpya, betri haishiki moto. Piga bei ya kila kifaa na ufundi wake, kisha toa na kidogo cha usumbufu, kwa sababu mnunuzi naye atapoteza siku nzima kwa fundi.

Halafu angalia wenzako wanauzaje. Kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook utaona bei za kutamani, maana tangazo linaonyesha bei aliyoomba mtu na kamwe halionyeshi aliyopewa. Afadhali upite kijiweni uwaulize madereva wawili watatu: "Ile ya fulani ilikwenda kwa ngapi?" Hapo utapata bei ya kweli, pamoja na umbea kidogo.

Mwishoni uwe na bei tatu: ya kutaja, ya kuridhika, na ile usiyoshuka chini yake. Ya tatu mwambie mwenzi wako au ndugu kabla hujatoka nyumbani. Ukizungukwa na mnunuzi, rafiki yake na fundi wao, wote wakitikisa vichwa kwa huzuni, ni rahisi mno kuisahau.

Mbona kila anayepiga simu anaanza na kadi kabla ya injini?

Kwa sababu injini hutengenezeka. Ringi zikiisha zinabadilishwa, klachi ikiteleza inabadilishwa. Pikipiki isiyo na kadi halali haina fundi.

Kadi ya usajili inayotolewa na TRA (Mamlaka ya Mapato) ina jina la mmiliki, namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, ukubwa wa injini na mwaka wa kutengenezwa. Kama jina ni lako na kila kilichoandikwa kinalingana na chuma kilichosimama pale, una haki ya kukaza bei. Kama jina ni la mtu aliyemuuzia mtu aliyekuuzia wewe, jiandae: mnunuzi makini ataondoka, na atakayebaki atataka punguzo kubwa, na ana haki.

Hali hii ya mwisho ndiyo imejaa mitaani kwetu. Pikipiki imepita mikono mitatu, kila mmoja akiona uvivu kwenda kubadilisha jina, na mwenye jina kwenye kadi amehamia Geita kuchimba. Kabla hujaweka tangazo, mtafute. Kama unayo mikataba ya mauziano ya kila mkono, kutoka kwa wa kwanza hadi kwako, iunganishe. Gharama za kumpata mtu huyo, hata ukimtumia na nauli, kwa kawaida ni ndogo kuliko punguzo utakalodaiwa.

Nikague nini kwenye namba?

Chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya usukani, na vumbi la Dodoma likichanganyika na grisi hufunika kila kitu pale. Futa mpaka isomeke, kisha isome tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na kadi. Fanya hivyo na namba iliyo kwenye bloku ya injini. Injini ikiwa ilibadilishwa na kadi haikurekebishwa, suala hilo limalize TRA kwanza. Mnunuzi akiligundua mwenyewe atakuona mwizi hata kama ni uzembe tu.

Namba iliyochongwa au kugongwa upya ni jambo la polisi. Usiiuze, na usikubali mtu akushauri njia ya mkato.

Kadi imepotea. Naweza kuuza kwa kopi?

Hapana. Chukua ripoti ya upotevu polisi, nenda nayo TRA uombe kadi nyingine, kisha uuze. Kopi inamtosha mnunuzi wa mbali kutazama, haitoshi kuhamisha umiliki.

Mwenye pikipiki alifariki. Mtoto wake anaweza kuiuza?

Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama funguo ziko kwa kifungua mimba na ukoo wote unajua kwamba marehemu alimpenda. Mirathi ya kawaida hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, baada ya kikao cha familia kumpendekeza msimamizi. Hati ya usimamizi ndiyo inayompa nguvu ya kusaini mkataba. Najua inachosha kwa mali ya milioni na kitu, lakini baba mdogo akitokea miezi sita baadaye, anayefuatwa ni mnunuzi, na mnunuzi atakufuata wewe.

Pikipiki ni ya mkataba, sijamaliza hesabu. Naweza kuuza?

Bado si yako. Ukiwa unapeleka hesabu, yaani malipo mliyopatana, kwa tajiri mwenye pikipiki ili mwisho wa mkataba ikawe yako, au kadi imeshikwa na taasisi iliyokukopesha, kuiuza kimyakimya kunaweza kukufikisha mahabusu. Njia safi ipo: mnunuzi, wewe na mwenye kadi mkutane siku moja. Mnunuzi anamlipa mwenye kadi deni lililobaki, anakupa wewe kinachozidi, na kadi inatoka hapohapo. Matajiri wengi hukubali, kwa sababu wanapata hela yao yote kwa mkupuo.

Niitengeneze kwanza au niuze ilivyo?

Tengeneza vidogo, vikubwa viseme wazi.

Vidogo ni vile vinavyomfanya mtu apunguze laki moja kwa kitu cha elfu chache: taa ya breki isiyowaka, kioo kimoja cha pembeni kukosekana, honi bubu, kiti kilichochanika, kebo ya klachi inayokaza. Badilisha oili. Safisha plagi. Lainisha na kaza cheni. Osha vizuri, lakini usiimwagie dizeli mpaka inang'aa kama imetoka kwenye boksi. Fundi mzoefu akiona injini imeoshwa kupita kiasi hujiuliza ilikuwa inavuja wapi.

Vikubwa ni habari nyingine. Hapa kwetu adui wa injini ni vumbi. Anayekwenda Hombolo au Mvumi kila siku wakati wa kiangazi anakula vumbi yeye, na pikipiki yake inakula zaidi. Kichujio cha hewa kikiziba au kikitolewa kabisa (na kuna madereva wanaokitoa kwa kudhani inapata nguvu), chembe za mchanga huingia kwenye silinda na kusaga ringi na kuta zake. Matokeo yake injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Mnunuzi atakuja na fundi, kwa hiyo jua atakachofanya. Atakuta injini ya moto? Atakataa, atasema ipoe kwanza, kwa sababu inayowaka kwa shida asubuhi huwaka vizuri ikishapata joto. Baada ya nusu saa ataipiga kiki mara moja, mbili. Ataweka kiganja nyuma ya silensa, ataacha moshi umpige, halafu atakitazama na kukinusa. Kikiwa na matone meusi ya mafuta, ataangalia pembeni bila kusema neno. Kimya hicho kina bei yake. Kisha atashika tairi ya mbele na kuitikisa kusikia bearingi za usukani, atabonyeza shokapu, na atainama chini ya keria kutafuta nyufa na alama za kuchomelea, hasa kama ilikuwa inabeba madumu ya maji au magunia.

Ukiwa tayari unajua injini inahitaji ringi, mwambie mwenyewe kabla fundi hajaigundua: "Inakula oili, ndiyo maana nimeiweka bei hii." Mtu aliyeambiwa ukweli hupunguza kwa kiasi cha ukarabati, aliyegundua mwenyewe hupunguza na kwa hofu ya yale ambayo hajayaona. Kuibadilisha ringi wewe ili uuze ghali mara nyingi hakurudishi hela yako, maana mnunuzi hana namna ya kujua uliweka kifaa cha aina gani.

Nipake rangi?

Usipake. Rangi imeandikwa kwenye kadi, na rangi mpya huamsha maswali.

Kilomita zake ni chache. Hilo halinipi bei?

Kwa pikipiki ya mtumishi wa ofisi, labda. Kwa bodaboda hakuna anayeamini mshale ule. Kebo yake hukatika na watu huiacha hivyohivyo mwaka mzima. Watu husoma umri kwenye herufi za namba ya usajili, kwa sababu namba za MC hutoka kwa mfululizo. Ila mwaka wa kusajiliwa si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa. Vyote angalia kwenye kadi.

Nimefunga redio, gadi na taa za urembo. Niongeze ngapi?

Karibu sifuri. Vifungue uviuze pembeni. Gadi iache, inamsaidia mnunuzi kuona ubavu wa injini haujawahi kulala chini.

Msimu gani mzuri kuuza?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Mavuno ya mahindi, mtama, uwele, karanga na alizeti huingia baada ya hapo, na hela ya vijijini hufuata magunia. Kuanzia Juni, soko la mahindi la Kibaigwa likichangamka, kijana wa Kongwa aliyeuza mzigo wake anakuja mjini na fedha taslimu, tena hapendi kuzunguka. Huo ndio wakati wa kuuza pikipiki ngumu ya kazi.

Januari ni mwezi mbaya. Ada, sare, mbegu na palizi vimekutana, wauzaji ni wengi na kila mmoja ana haraka. Kama unaweza kuvumilia mpaka mavuno, vumilia. Kuna pia bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mji unapojaa wageni na bodaboda wa katikati ya mji wanapata abiria. Madereva wanaotaka kuwa na chombo chao hutafuta kipindi hicho.

Nimuuzie nani, na dalali nimtumie?

Dereva wa bodaboda anajua bei kuliko wewe na atabishana kwa kila shilingi mia, lakini anaamua siku hiyohiyo. Mkulima wa Kondoa au Mpwapwa anatazama nguvu na mwinuko wa chombo kutoka ardhini, kwa sababu ya milima, makorongo ya mchanga na miiba, hajali mikwaruzo. Mtumishi wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, au mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anataka safi, kadi yenye jina moja, na atalipa vizuri kwa hayo mawili, ingawa atakusumbua kwa picha za WhatsApp wiki nzima.

Dalali ana faida yake: anajua nani ana hela leo. Tatizo lake ni cha juu. Wewe unamwambia milioni moja na laki saba, yeye anasema mbili, mnunuzi anakimbia na wewe hujui kwa nini. Mpatie ujira uliotajwa, mkubaliane kabla, na sharti liwe kwamba wewe na mnunuzi mnaonana uso kwa uso. Kadi usimpe.

Tangazo niandikeje?

Aina na ukubwa wa injini, mwaka, jina kwenye kadi ni lako au la, kasoro, bei, mtaa. Picha za mchana pande zote mbili na moja ya injini kwa karibu. Ziba namba za kadi unapoipiga picha. Na tafadhali tuache "kuwasha na kuondoka". Kila pikipiki nchi hii inauzwa kwa maneno hayo, hata iliyoletwa kwa mkokoteni.

Mtu anataka kuijaribu. Nimpe?

Mpe, lakini ukae nyuma yake, au aache fedha yote mezani mbele ya mtu wako. Kitambulisho peke yake si dhamana, na simu aliyokuachia huenda thamani yake ni ndogo kuliko tairi. Kutana naye mchana, mahali penye watu, karibu na fundi unayemfahamu. Si nyumbani kwako, na si njia ya porini ya kwenda Msalato jioni.

Mazungumzo ya bei yaendeje?

Kwa utulivu. Kijana atakuja: "Shikamoo mzee. Hii mwisho ngapi?" Usijibu mwisho kabla hajaitazama. "Marahaba baba. Itazame kwanza na fundi wako, halafu tutaongea." Akishaitazama, ataje yeye. Akitaja kitu cha kuchekesha, usikasirike. Muulize amekipataje, kasoro moja moja. Mara nyingi hesabu hiyo inampandisha yeye mwenyewe. Ukishuka, shuka mara chache na kwa kiasi kinachopungua: laki, halafu elfu hamsini, halafu ishirini. Anayeshuka laki laki anamfundisha mnunuzi aendelee kusukuma.

Malipo niyapokeeje?

Benki ni salama zaidi: mwende pamoja, aweke kwenye akaunti yako, uone salio. Kwa pesa za simu, usiamini ujumbe. Ujumbe wa kughushi huandikwa vizuri kuliko wa kweli. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako uangalie salio kwa namba yako ya siri, na ukishaona, hamishia benki au toa, kwa sababu muamala unaweza kuombewa urejeshwe. Akisema "nimetuma, mtandao unasumbua, niache niwahi basi Nzuguni", mwambie basi ni mengi.

Noti nyingi? Zihesabiwe kwa wakala au benki. Funguo na kadi ndivyo vya mwisho kutoka mkononi.

Mkataba uwe na nini, na TRA tunafanya nini?

Mkataba wa mauziano uwe na majina kamili, namba za NIDA na za simu za wote wawili, namba ya usajili, chesisi na injini, bei, kasoro mlizokubaliana, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina maana: tukio la saa kumi jioni halikuhusu kama ulikabidhi saa sita mchana. Mashahidi wawili, na wakili agonge mhuri. Barua ya serikali ya mtaa ni nyongeza nzuri, haichukui nafasi ya wakili.

Kwa uhamisho mtahitaji kadi halisi, mkataba, vitambulisho na TIN ya kila mmoja. Mnunuzi asiye na TIN aipate kwanza, hutolewa bure. Kuna kodi ya uhamisho, gharama ya kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Kwa desturi mnunuzi hulipa, lakini lisemwe wakati wa kupatana bei, si mlangoni pa ofisi.

Wapo watakaokuomba mwandike bei ndogo ili ushuru upungue. Kataa. Mkigombana baadaye, mahakama itasoma kilichoandikwa, na wewe utakuwa umesaini kwamba uliuza kwa nusu.

Bima, leseni ya LATRA, faini: vinahamaje?

Bima haihami yenyewe; mnunuzi aende kwa wakala wa bima abadilishe au akate yake. Uhai wa stika huangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Leseni ya kubeba abiria anaiomba mwenyewe LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa jina lake. Faini za barabarani angalia kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, zilipe kabla, utunze risiti. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayetaka umpunguzie kwa ajili ya "road license ya mwaka huu" anakujaribu.

Mnunuzi anaomba kulipa kidogo kidogo.

Inawezekana, ila hiyo ni biashara nyingine na bei yake ni nyingine. Kinachouzwa 1,700,000 taslimu, kwa hesabu ya 10,000 kwa siku sita za wiki ni 60,000, na kwa wiki 40 ni 2,400,000. Tofauti ni malipo ya hatari unayobeba: anaweza kuugua, kugonga, au kuhamia Singida. Baki na kadi, chukua mdhamini mwenye makazi yanayojulikana, andikeni kitatokea nini akikosa wiki mbili, na bima isikatike hata siku moja. Kama hela unaihitaji kwa shida ya leo, usiingie huko.

Niliuza mwaka jana, jina bado langu, na sasa polisi wamenipigia.

Nenda, usizime simu. Beba mkataba wenye tarehe na saa, kopi ya kitambulisho cha mnunuzi, uthibitisho wa malipo, na namba za mashahidi. Kama huna mkataba, rekodi ya muamala wa simu au benki inaonyesha angalau nani alikulipa na lini. Iombe kwa mtandao au benki yako mapema. Baada ya hapo mpeleke mnunuzi TRA siku hiyohiyo, hata ikibidi ulipie wewe uhamisho.